Mtu ndo anakushika, gemu linapita tu

Kuna makala mwandishi anasema sisi wacheza gemu za mtandaoni tunang'ang'ania klani za zamani, yaani vile vikundi tulivyokuwa tunacheza navyo, kwa sababu tunamisi ujana, mi naona kagusa nusu tu. Gemu la World of Warcraft lilivyotoka 2004 mabosi wakubwa, yale maadui magumu kuliko yote, mlikuwa mnawaendea watu 40, sasa fikiria watu 40 wakubaliane saa, huyu kazi yake kuponya wenzake, yule kupokea kipigo, mmoja akizubaa wote mnakufa mnaanza upya, wiki baada ya wiki mpaka unajua nani akikasirika ananyamaza na nani mtoto wake analia nyuma ya maiki. Siku hizi unabonyeza kitufe seva inakutafutia wenzako, mechi ikiisha hamjuani. Ndo maana Blizzard, wenye hilo gemu, walivyorudisha toleo lake la zamani 2019 watu walikaa kwenye foleni masaa kuingia seva, aisee.

Klani yetu hakuna anayecheza tena ila grupu liko hai Discord, ile app ya kuchati, kila jumamosi lazima mtu aandike "mpo?" basi. Kuna jamaa sijawahi kuona sura yake lakini nilivyofukuzwa kazi alijua yeye kabla ya kaka angu, na namuita jina lake la kwenye gemu, lile halisi nalisahaugi kila akinitajia.