Sayyida Salme Anastahili Kutariziwa

Hapa Hamburg, ninakoishi mwaka wa kumi na tisa sasa, mtu akitaka kuenziwa baada ya kufa hupewa kibao cha mtaa, na kibao hicho hupitishwa kwa kura. Kwetu Unguja heshima huvaliwa: huandikwa kwenye kanga, hushonwa kwenye kofia. Anayenifanya niwaze hivi ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa katika kasri la Beit el Mtoni mwaka 1844 na kufika mji huu mwaka 1867, akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani na mwenye jina jipya, Emily Ruete. Mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wachanga katika nchi yenye baridi na lugha ya watu. Akajikimu kwa kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake.

Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha hapa kilipewa jina lake, na haukupita muda mrefu jina likaondolewa, kwa kuwa katika kumbukumbu zile aliutetea utumwa. Siwalaumu waliolalamika. Kurasa hizo nimezisoma kwa uchungu, maana katika ukoo wetu wamo walioletwa Unguja kwa minyororo. Lakini kibao hakiwezi kubeba mambo mawili. Ama jina lipo, ama limeng'olewa. Kitambaa kinaweza, na ndiyo sababu nashikilia kwamba sisi wanawake wa pwani tulioko huku tumtarizie maisha yake yote, zuri na baya, kwa mikono yetu.

Kazi hiyo naijua kwa mama yangu, aliyekuwa akishona kofia za viua barazani, baada ya alasiri. Kila kitundu alikitoboa kwa sindano nene, akakizungushia uzi mweupe mpaka ukingo ukakaza kama ukucha, na kofia moja ilimchukua miezi. Aliyeivaa alisifiwa msikitini, ilhali jina la mama halikutajwa popote. Hiyo ndiyo lawama yangu kwa nyumbani: tunaienzi kazi ya mkono na kumsahau mwenye mkono. Huku, angalau, mwanamke akishona kitu hutia jina lake pembeni, na desturi hiyo ningependa tuichukue.

Jumamosi hukutana kwangu wanawake watano, na pande la bafta la mita tatu tumeshalitandika mezani. Mmoja anatarizi suruali ya marinda, kwa kuitazama picha ambayo Salme alipigwa akiwa katika mavazi ya Kiunguja. Mwingine amechagua tramu. Yupo aliyesita mwanzoni, kwa sababu Salme alibatizwa Aden kabla ya kuolewa, lakini sasa ndiye anayewahi kufika. Kipande cha watumwa wa Mtoni nimeomba nikishone mwenyewe, na nimekiweka katikati, mahali ambapo jicho halitaweza kukikwepa.

Cha mwisho kitakuwa kaburi lake la Ohlsdorf, hapa hapa Hamburg, alikozikwa baada ya kufariki Jena mwaka 1924, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokitunza miaka yote. Mchanga huo tutaushona kwa vifundo vidogo vidogo vya uzi wa rangi ya maziwa, kila mmoja wetu vyake, na chini yake majina yetu matano.