Nyota Tano za Nani?

Dalali alitandaza ramani kwenye kishikwambi chake, akaweka kidole juu ya mstari uliokata mtaa katikati. "Upande huu nyota tano," akasema. "Ng'ambo ya barabara, mbili." Ni nyota ambazo jimbo huzipa wilaya za shule. Nikachungulia dirishani. Pande zote mbili nyasi zimekatwa vizuri, pande zote mbili kuna mtoto juu ya baiskeli. Nyumba tuliyosimama ndani yake ilikuwa na jiko ambalo watu wawili hawapishani, na bei yake mke wangu aliisoma mara mbili, akanitazama, asiseme kitu.

Tuko Columbus, Ohio. Ukialikwa kwa Mswahili mwenzako hapa, kabla pilau haijapakuliwa utakuwa umeshaulizwa mtoto anasoma wilaya gani. Hawakuulizi shule, wanauliza wilaya. Rafiki yangu mmoja, aliyenitangulia kwa umri na kwa kufika nchi hii, alinipa wosia: "Mdogo wangu, usinunue nyumba. Nunua wilaya, nyumba ni nyongeza." Namheshimu sana. Kwa hili nilimfuata karibu miaka miwili, na sasa naona tulikosea wote wawili.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo haya: Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja ni kijiserikali chenye bodi, bajeti na mipaka yake. (Hawaii wamejiondolea kichwa kuuma, jimbo zima ni wilaya moja.) Tukichukua nchi nzima, karibu nusu ya fedha za shule hutoka hukohuko mitaani, nyingi zikiwa za kodi ya majengo. Penye nyumba za bei shule ina fedha, na penye shule yenye fedha nyumba hupanda bei. Hapa Ohio wenye mtaa hupigia kura nyongeza ya kodi hiyo, na wenyewe wanaiita "levi". Mara ya kwanza nilipoona mabango yamechomekwa kwenye nyasi yakiomba watu waunge mkono levi, nilidhani mtaa mzima umeamua kunywa hadharani.

Mchezo huu si wa jana. Wazazi wa wilaya ya Edgewood, San Antonio, Texas, waliufikisha Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka wa masomo wa 1967/68 wilaya yao ilitumia dola 356 kwa kila mwanafunzi, na jirani zao wa Alamo Heights dola 594, ingawa Edgewood ndio waliojitoza kodi kwa kiwango kikubwa zaidi. Walijikamua zaidi wakapata kidogo, kwa sababu nyumba zao zilikuwa za bei ya chini. Mwaka 1973 walishindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Hapa kwetu, mwaka 1997, Mahakama Kuu ya Ohio ilisema mfumo wa jimbo wa kugharimia shule unakiuka katiba ya jimbo. Mstari wa dalali bado uko palepale. Na mstari huo una meno: mwaka 2011 mama mmoja wa Akron alifungwa siku kadhaa kwa kutumia anwani ya baba yake ili wanawe wasome wilaya ya jirani.

Kwa hiyo siwacheki wanaokimbilia nyota. Ninachouliza ni nyota zinapima nini.

Wastani wa alama za mtihani unakuambia mvua imenyesha wapi, haukuambii nani amelima. Mtoto wa daktari na mwanasheria anaingia darasa la kwanza akiwa amesomewa vitabu tangu anatambaa. Akifaulu darasa la tatu, shule ina sehemu yake, lakini usiipe yote. Sean Reardon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya matokeo ya mitihani ya wilaya za nchi nzima, wakatenganisha mambo mawili: watoto wamefikia kiwango gani, na wanasonga kwa kasi gani. La kwanza linafuatana sana na kipato cha wazazi. La pili, kidogo tu. Chicago, mji ambao ukimtajia mzazi anashika roho, watoto walipiga hatua ya kama miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano, kati ya darasa la tatu na la nane.

Ripoti za Ohio zinazo hizo namba, ila watu hawateremki chini kuzisoma. Nyota ya jumla inakaa juu, kubwa, na chini yake kuna vipengele, kimoja kikiwa cha maendeleo: mtoto amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Wilaya yetu ya nyota tano ilikuwa na tatu kwenye maendeleo. Ile ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na nne. Niligundua hilo baada ya kuhamia, na aliyenionyesha alikuwa mzazi mwenzangu kwenye maegesho ya shule, kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Kitu cha pili alichonionyesha kilinikaa zaidi. Tangu sheria iliyosainiwa Januari 2002, wilaya hutakiwa kutoa matokeo kwa makundi: watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, na kwa rangi. Nikatafuta mstari wa watoto Weusi katika shule ya binti yangu. Hapakuwa na namba, palikuwa na kistari. Kundi likiwa dogo mno matokeo hayachapishwi, na sababu ni nzuri, kulinda siri za watoto. Lakini nilikitazama kile kistari nikaelewa kwamba nilikuwa nalipa ziada kila mwezi kwa wastani usioniambia lolote kuhusu mtoto kama wangu.

Na kulipa kwenyewe kulikuwa hivi. Kununua hatukuweza, tukapanga. Ili pango litimie nilichukua zamu ya usiku kwenye ghala, kubeba boksi kwa maana halisi ya neno. Basi la shule lilipita saa moja na dakika kumi asubuhi. Mimi nilifika nyumbani saa moja na nusu. Kwa karibu miaka miwili binti yangu nilimjulia kwenye sinki, kwa vyombo alivyoacha: leo hakumaliza uji, leo kamaliza. Kazi ya hesabu alifanya na mama yake, au hakufanya.

Fomu ya kujiunga iliuliza lugha ya nyumbani, tukaandika Kiswahili, kwa fahari. Fomu hiyo humpeleka mtoto kwenye mtihani wa Kiingereza, ndivyo utaratibu ulivyo na sina ugomvi nao. Binti yangu akiona mgeni hufunga mdomo. Akafunga, wakaandika hajui, akawa anatolewa darasani kila siku kwenda kujifunza majina ya rangi. Shule ile ilikuwa na watoto wa namna hiyo watatu, na mwalimu aliyewashughulikia alikuwa wa kuazima, anakuja na kuondoka. Ilichukua hadi majira ya kuchipua mtu akubali kuketi naye na kitabu amsikie akisoma.

Wakati huohuo nilikwenda kuitembelea shule ya ng'ambo ya barabara, ile ya nyota mbili. Rangi ya korido imebabuka, sifichi. Lakini karani wa mapokezi aliniuliza kwa Kiswahili cha Goma mama wa mtoto yuko wapi, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa amefundisha Wasomali, Wanepali na Wakongo kiasi kwamba mtoto aliyenyamaza alimjua ni wa kungoja, si wa kufundishwa rangi. Nilimuuliza mwalimu mkuu walimu wangapi wameondoka mwaka huo. Akataja majina yao na walikokwenda, mmoja baada ya mwingine. Swali hilohilo upande wa nyota tano nilijibiwa kwa kijitabu chenye picha.

Sasa, mtu ataniambia mahali hubadilisha maisha, na ni kweli. Mwaka 2015 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walionyesha kuwa watoto waliohamishwa kutoka mitaa yenye umaskini mkubwa kwenda yenye umaskini mdogo kabla ya kutimiza miaka 13 walipata kipato cha zaidi kwa asilimia 31 hivi walipokuwa watu wazima. Utafiti huu ninanukuliwa kila nikifungua mdomo. Ila anayeninukulia huwa anaruka kitu kimoja: familia zile zilihama kwa vocha ya serikali iliyosaidia kulipa pango. Baba hakuhitaji kutoweka usiku ili mtoto aamke mtaa mzuri.

Ukiwa bado unatafuta, jihadhari pia na anwani. Columbus, kwa makubaliano ya mwaka 1986, ina maeneo ya mji ambayo shule zake ni za wilaya za pembeni, kwa hiyo jina la mji kwenye bahasha halithibitishi chochote. Uliza wilaya yenyewe, kwa namba ya nyumba. Na uhudhurie kikao kimoja cha bodi, viko wazi kwa yeyote. Utachoka, lakini utajua wanachogombania.

Sisi tulinunua ng'ambo ya barabara. Jiko lina nafasi. Yule rafiki yangu anasema siku ya kuuza nitalia, na huenda akawa sahihi, nyumba yake imepanda kuliko yangu. Zamu ya usiku niliiacha mwezi wa pili baada ya kuhama. Saa kumi na robo basi linasimama kwenye kona, mlango unafunguka, na binti yangu anashuka akiwa tayari anaongea, sijui alianza na nani.