Mnakusanya maoni, halafu?

Siku hizi kila ofisi ina sanduku la maoni, sijui dodoso la kila robo mwaka, na bado watu wanalalamikia mambo yale yale miaka nenda rudi. Mi naona shida sio maoni kukosekana, shida yakishafika yanalala.

Mwaka 1788 James Watt aliifunga injini ya mvuke kidude chenye mipira miwili inayozunguka, injini ikikimbia sana mipira inatanuka, inavuta vali, mvuke unapungua, spidi inashuka yenyewe. Hakuna kikao hapo. Taarifa ndo hiyo hiyo inayoleta hatua.

Toyota wao waliweka kamba kwenye laini ya kuunganisha magari, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja hapo hapo, ikishindikana kutatuliwa haraka laini inasimama. Sasa jiulize, kwenu mtu akivuta kamba anashukuriwa au anaitwa mchochezi? Manake usiku wa kuamkia 28 Januari 1986 mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga Challenger, walisema baridi ile ni hatari kwa mipira ya kuziba maungio ya roketi, Challenger isirushwe, NASA, shirika la anga la Marekani, wakabisha, mabosi wa mainjinia wenyewe wakageuka, kesho yake ikarushwa na watu 7 wakafa. Taarifa ilikuwepo jamani! Aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha ndo hakutaka kusikia.

Kuna na ile ya kupima kitu ambacho sio. Wells Fargo, benki ya Marekani, waliwabana wafanyakazi na malengo ya mauzo, wakaishia kufungulia wateja akaunti bila ridhaa yao, 2016 wakapigwa faini ya dola milioni 185. Namba zilikuwa zinapanda vizuri tu.

Kwa mtu binafsi kinachosumbua zaidi ni muda. Uzito wa mwili unapanda na kushuka ndani ya siku moja kwa sababu ya maji na chakula tu, kwahiyo ukibadilisha mlo kila ukishuka kwenye mzani unakimbiza upepo, angalia wastani wa wiki. Matumizi ya hela ni kinyume, ukisubiri mwisho wa mwezi ndo uangalie, imeshaisha hiyo.

Na ukimuomba mtu maoni juu ya kazi yako usimuulize "umeonaje", muulize wapi alianza kuchoka, halafu nyamaza, manake ukijitetea leo kesho atakwambia iko poa tu.