Maharage na sadini: saladi inayoshibisha

Saladi kwetu imekaa pembeni ya sahani kwa muda mrefu mno. Ni kachumbari ya kusindikiza pilau, au ni yale majani mawili na kipande cha tango ambavyo wageni wa harusini huviacha sahani ikirudi jikoni. Wengine huila kama adhabu, kwa sababu daktari kasema au kitambi kimezidi. Mimi nasema ipo saladi ya kula usiku ukalala bila kuamka kutafuta mkate, na vitu vyake vyote viko dukani kwa Mangi na gengeni: maharage, kitunguu, limau na kopo moja la samaki.

Waitaliano wa Toscana wanaijua zamani. Kwao ni maharage meupe, jodari wa kopo, kitunguu chekundu na mafuta ya zeituni, basi. Hao ndio ambao Waitaliano wenzao huwatania kuwa ni wala maharage, kwa hiyo kwenye jambo hili nawaamini. Sisi wenye maharage ya Mbeya na Kagera hatuna sababu ya kubaki nyuma. Na jodari mwenyewe ni wa Bahari yetu hii ya Hindi. Kiwanda kikubwa cha kumtia kopo kiko Shelisheli, na makopo mengi yake huishia Ulaya.

Kazi yote iko kwenye maharage. Mimi hupenda ya njano, ila mekundu nayo yanafaa. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Magadi kaa nayo mbali. Najua yanaokoa mkaa, lakini hulegeza ganda mpaka maharage yanapasuka, na kwenye saladi unataka punje nzima ambayo ukiibana kwa ulimi inasagika yenyewe. Limau na nyanya visiguse sufuria kabla hayajaiva, kwa sababu ukali wake huyafanya yagome kulainika. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja yakishaiva, kwa hiyo chemsha mara moja, mengine yagawe kwenye mifuko uyagandishe.

Yakiiva, wengi husubiri yapoe ndipo waanze kuchanganya. Hapo ndipo saladi inapoharibika. Yachuje yakiwa bado yanafuka moshi, mimina limau, chumvi na mafuta hapo hapo, geuza kidogo, halafu yaache. Maharage ya moto hunywa kila unachoyapa. Yaliyopoa huyaacha maji ya limau yatuame chini ya bakuli, na mlaji anakula maharage makavu mpaka afike mwisho akutane na supu kali.

Mafuta ninayoyasema ni yale yale ya kwenye kopo. Watu hufungua kopo, wanakandamiza kifuniko na kuyamwaga yote kwenye sinki, kisha wanatafuta mafuta mengine ya kuungia. Ladha ya samaki imehamia humo, pamoja na sehemu ya mafuta yake mwenyewe yenye faida mwilini. Yaonje kwanza, yakiwa mazuri, yatumie. Kama samaki yuko kwenye maji, mkamue na utumie alizeti. Sadini wa mchuzi wa nyanya, huyo mwache. Kwenye saladi hufanya rojo; mkaangie kitunguu umlie ugali.

Kati ya jodari na sadini, kura yangu iko kwa sadini. Jodari ni mkavu na anajivunia jina. Sadini huivia ndani ya kopo pamoja na mifupa yake, ikalainika mpaka unaitafuna bila kujua, na hiyo ni kalsiamu ya bure. Mvunje kwa mkono vipande vikubwa na umweke mwisho kabisa. Ukishamweka usikoroge kama unasonga ugali.

Kitunguu katakata chembamba, kifikiche kwa chumvi na ukisuuze, kama cha kachumbari. Msimu wa embe bichi, mimi siweki nyanya kabisa: nyanya hutoa maji, embe huleta uchachu na kitu cha kutafuna. Pilipili ni ya kila mtu na moyo wake. Mayonezi sitaki hata kuisikia. Ikiingia tu, vitu vyote vinakuwa na ladha moja.

Najua pingamizi litakalokuja. Shangazi yangu aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi: "Mwanangu, na chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Nikamwambia, "Ndicho hiki, shangazi." Akaomba muhogo wa kuchemsha, akala navyo, akaongeza. Sina ubishi na muhogo, wala na chapati.

Wapo pia wanaosema kopo ni ghali. Ni kweli, ukilimwaga juu ya sahani ya wali mtu mmoja analimaliza na bado anadai. Lakini hapa maharage ndiyo yanayobeba uzito, samaki anatia ladha, na kopo moja linatosha watu watatu. Umeme ukikatika, samaki wa kopo haharibiki. Ila kopo lililovimba litupe, tena bila kuonja.

Wapenzi wa chai naomba mnivumilie. Maharage yana madini ya chuma, ila mwili huyapokea kwa shingo upande. Limau na samaki huusaidia kuyachukua, chai inayafukuza. Ngojeni kama saa moja ndipo mbandike birika.

Ikibaki, funika bakuli uweke kwenye friji. Kesho mchana maharage yatakuwa yamekolea zaidi, ila embe litakuwa limelegea, kwa hiyo katia jipya.