Unga wa Fungate

Mjomba wangu ana nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja, na kwa jinsi anavyokiamini Kiingereza chake, simu haishiki mtu mwingine. Siku hiyo alipiga bwana mmoja Mwingereza, anakuja na mkewe kula fungate. Namsikia Mjomba: "Yes, yes! No problem!"

Akakata simu. "Wageni wanataka unga kitandani."

"Unga, Mjomba?"

"Flour. Nimesikia kwa masikio yangu. Wewe mtoto unajua nini mila za watu?"

Nikachukua kilo 2 za ngano, zilizokuwa za chapati za asubuhi, nikazichekecha kitandani. Unga mweupe, shuka nyeupe, hakionekani kitu. Mjomba akaamuru tutandike shuka ya buluu. Nikachora moyo kwa kidole, yeye kasimama mlangoni ananiambia upande wa kushoto umepinda.

Wageni wakaingia usiku, joto la Februari hilo. Bwana akafanya kama afanyavyo kila mgeni: akawasha pangaboi, namba ya mwisho.

Kwanza tulisikia kikohozi, kisha ukelele. Mlango ukafunguka, akatoka bibi harusi, unga mpaka kwenye kope, na wingu nyuma yake. Wazungu nimewaona wengi, lakini mweupe kama yule, sijapata.

Kumbe walitaka flower, maua! Na ajabu ni kwamba jirani yetu ana mwasumini umechanua hadi barabarani, na Mjomba mwenyewe siku ya harusi yake alimwagiwa asumini kitanda kizima.

Bahati yetu, bwana yule alikuwa mcheshi. Huku anapangusa miwani, akatueleza kuwa maneno hayo hutamkwa sawasawa, tena zamani yalikuwa neno moja: unga laini kabisa uliitwa ua la ngano. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikuyatenganisha.

Mjomba akavuta kanzu, akanitazama. "Umesikia? Mimi nasema Kiingereza cha asili."

Siku ya kuondoka akawaandikia bili kwa mkono wake: chumba, chai, teksi. Mstari wa mwisho: "Flower, kilo 2."

Mgeni akausoma, akausoma tena, akalipa.