Hempu ya Kentucky: aliyeufungua mlango ndiye anayeufunga

Mwaka 2018 Seneta Mitch McConnell wa Kentucky alisaini ripoti ya Sheria ya Kilimo ya Marekani kwa kalamu iliyotengenezwa kwa hempu ya jimbo lake. Hempu ni bangi kwa ukoo, ila kilevi chake, THC, ni kidogo mno. Kwa sheria ile ikatoka kwenye orodha ya dawa za kulevya. Novemba 2025 McConnell huyohuyo akasukuma kifungu kinachoua sehemu kubwa ya biashara iliyozaliwa siku ile. Aliyesimama kumpinga ni Rand Paul, seneta mwenzake wa jimbo hilohilo. Hoja ya Paul ya kukiondoa kifungu ikaangushwa kwa kura 76 dhidi ya 24.

Ni rahisi kumwita McConnell kigeugeu. Sidhani kama ni haki. Sheria ya 2018 ilipima delta-9 THC peke yake, yaani aina kuu ya kilevi hicho, ikaiwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Kwa mmea ulioko shambani kipimo hicho kinatosha kabisa. Kwa pipi hakifai. Pipi ya gramu 4 inaweza kubeba miligramu 12 za THC na bado ikawa ndani ya sheria, ilhali miligramu 5 zinatosha kumlewesha asiyezoea. Kisha wakemia wakachukua CBD, dutu ya hempu isiyolewesha, wakaigeuza kwa asidi kuwa delta-8, aina nyingine ya THC ambayo inalewesha na haikutajwa popote katika sheria ile. Bidhaa hizo zikafika kwenye rafu za vituo vya mafuta, nyingine zikiwa kwenye pakiti zilizoigizwa za biskuti na peremende za watoto. Mzazi aliyempeleka mwanawe hospitali kwa sababu ya pipi kama hiyo hatashawishika ukimwambia habari za uhuru wa soko, na yuko sahihi.

Shida ni ukali wa dawa yenyewe. Sheria mpya, iliyosainiwa 12 Novemba 2025 na kupewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika, inahesabu THC yote, inakataza dutu zinazotengenezwa nje ya mmea, na inaruhusu miligramu 0.4 tu kwa chombo kizima cha bidhaa. Si kwa dozi, ni kwa chupa nzima. Mafuta mengi ya CBD yanayokamuliwa kutoka kwenye ua zima huvuka kiwango hicho hata kama hayamleweshi mtu. Hapo ndipo hoja ya Paul ina uzito: wavu uliotegewa papa umenasa dagaa. Tena Kentucky yenyewe ilishatunga sheria mwaka 2023 ya kuzuia delta-8 kuuzwa kwa walio chini ya miaka 21, pamoja na masharti ya upimaji na lebo. Kama lengo ni kuwalinda watoto, naona njia hiyo ilistahili kuimarishwa na kuenezwa nchi nzima kabla ya kushika panga.

Hata hivyo, ukimsikiliza Paul tu utadhani wakulima walikuwa wanastawi mpaka Washington ilipowaharibia. Haikuwa hivyo. Jimbo lilianza na ekari 33 za majaribio mwaka 2014. Mwaka 2019 zilipandwa takribani ekari 26,500, karibu zote kwa ajili ya maua ya CBD. Wengi walikuwa wakulima wa tumbaku ambao soko lao lilikuwa likisinyaa tangu serikali ilipofuta mgao wa uzalishaji mwaka 2004. Walikuwa na mabani ya kukaushia na mikono iliyozoea kazi, wakaamini hempu ndiyo mrithi. Mavuno yakafurika na bei ikaanguka. GenCanna ya Winchester, miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ikaingia mahakama ya ufilisi mapema 2020 huku wakulima wakiidai. Mwaka huo zikapandwa ekari kama 5,000 tu. Delta-8 ilishamiri kwa sababu maghala yalijaa CBD isiyo na mnunuzi. Kwa hiyo soko la kilevi linalofungwa leo ndilo lililowashikilia waliosalia, na ndilo walilopaswa kuliogopa tangu mwanzo.

Kuna upande ambao sheria mpya haiugusi: hempu ya nyuzi na ya mbegu inaendelea kuruhusiwa. Msomaji wa Tanga ataona mara moja kwa nini hilo haliwafariji sana wakulima. Mkonge bila korona jirani, yaani mtambo wa kutoa nyuzi, ni majani tu, na bua la hempu ni vilevile: ni jingi, jepesi, na gharama ya kulisafirisha mbali humeza bei yake. Kiwanda cha nyuzi cha Sunstrand, Louisville, kilifilisika mwaka 2020. Katika karne ya 19 Kentucky iliongoza Marekani kwa hempu, lakini kazi ile ngumu ya kuvunja mabua ilifanywa na watumwa, na soko lilikuwa kamba na magunia ya kufungia pamba. Baadaye zikaja jute ya India, manila ya Ufilipino na mkonge, ukiwemo wetu. Anayesema leo "rudini kwenye nyuzi" aonyeshe kwanza mashine iko wapi na nani ananunua.

Kwa maoni yangu pipi zilistahili kufungiwa hata kesho. Mkulima ndiye aliyestahili muda mrefu zaidi. Hempu hupandwa Mei na Juni, maua hukatwa Septemba na Oktoba, kisha hukaushwa wiki kadhaa kabla ya kukamuliwa. Mwaka mmoja waliopewa unaishia Novemba 2026, mavuno yakiwa bado yananing'inia bani.