Brufen kilomita ya 30: tuongee bila kutishana

Hii ishu ya kumeza dawa za maumivu kama Brufen (yaani ibuprofeni) ukiwa unakimbia marathoni watu wanabishana mpaka wananuniana. Kuna wanaosema acheni woga, kidonge kinauzwa bila cheti cha daktari, WADA, wale wanaopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, hawajakikataza, mtu mzima ajiamulie mwenyewe. Wengine wanasema unachezea figo. Mi nilikuwa upande wa kwanza kabisa, kila mbio ndefu lazima vidonge viwili viwe kwenye kimfuko cha kaptula, kwa hiyo siji hapa kama malaika.

Na hoja yao sio ya kijinga, manake wanaomeza ni wengi mno na wengi wanamaliza salama. Mwaka 2010 kwenye marathoni ya Bonn, Ujerumani, wakimbiaji waliulizwa na karibu nusu walikuwa wameshameza kitu kabla ya mbio kuanza. Kabla! Yaani goti halijaanza hata kuuma, mtu ashameza. Sasa waliomeza, 16 kwenye kila 100 walipata matatizo, tumbo kukata, mkojo wenye damu, na kadhalika, wasiomeza ni 4 tu, na wale 9 waliolazwa hospitali wote walikuwa wamemeza. Ila hapo mtu anaweza kukwambia, na ana haki, kwamba zile zilikuwa fomu za kujaza tu, huenda waliomeza ndo walikuja tayari na shida zao.

Ndo maana mi nauamini zaidi utafiti mmoja wa 2017, wa wakimbiaji 89 wa ultra (mbio ndefu kuliko marathoni) ya maili 50, wengine walipewa ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya masaa manne, wengine kidonge feki, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Dalili za figo kuumia: 52% kwa waliopewa dawa, 34% kwa wa kidonge feki. Rudia kusoma hiyo namba ya pili. Theluthi nzima figo zilitikisika bila dawa yoyote, mbio zenyewe tu, na kawaida zinarudi sawa baada ya siku chache. Kwa hiyo anayesema kidonge kimoja kitakuua anatia chumvi, lakini anayesema hakina shida nae anajidanganya.

Sababu iko wazi ukiielewa. Ukikimbia masaa mengi damu inakimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi kupoza mwili, figo na utumbo vinaachiwa kidogo. Mwili unajitetea kwa kutoa prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ndo zinazoiacha mishipa ya figo wazi. Sasa Brufen, diklofenaki, naproksen, aspirini, hizi zote kazi yake ni kuzuia hizo hizo prostaglandini! Weka na jua na maji yaliyokuishia mwilini, hapo figo zinabaki zenyewe.

Paracetamol ni stori nyingine, figo haizibani hivyo, yenyewe mzigo wake uko kwenye ini na kwa mtu mzima haitakiwi ipite gramu 4 kwa siku, na mtego ni kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani.

Kilichonibadilisha mimi lakini sio hofu ya figo, ni faida yenyewe. Kwenye Western States, ile mbio ya maili 100 kule California, waliotumia ibuprofeni walipimwa na hawakuwa na nafuu ya maumivu ya misuli kuliko wenzao, na vipimo vya damu vilionyesha dalili za uvimbe wa ndani ziko juu zaidi. Sasa unahatarisha figo kwa faida gani? Na kama ni maumivu ya sehemu moja, yanayokufanya uchechemee, hayo ukiyaziba unakimbilia kwenye jeraha kubwa zaidi bila kusikia.

Siku hizi vidonge vinabaki nyumbani. Nikimaliza nakunywa maji, nakula, nasubiri mkojo urudi rangi yake ya kawaida, hapo ndo najiuliza kama bado nakihitaji, na mara nyingi nakuwa nshalala.